Euklides

Euklides wa Aleksandria (kwa Kigiriki: Εὐκλείδης, Eukleides) alikuwa mwanahisabati wa Ugiriki wa Kale aliyefanya kazi mjini Aleksandria, Misri, mnamo mwaka 300 KK. Anajulikana hasa kwa kitabu chake Elementi, ambacho kilitumika kufundishia jiometri kwa zaidi ya miaka 2000. Maneno ambayo mwanafunzi hukutana nayo mapema katika somo la hisabati, kama vile nukta, mstari, pembe, pembetatu, duara na mistari sambamba, yamepangwa na kuelezwa mwanzoni mwa kitabu hicho, na mpangilio wake bado unaonekana katika vitabu vya shule vya leo.

Maisha

Habari za maisha ya Euklides ni chache mno. Mwaka wa kuzaliwa haujulikani, wala mwaka wa kufa, wala wazazi wake. Maelezo yanayotegemewa zaidi yaliandikwa na Proklo, mwanafalsafa wa karne ya 5 BK, yaani zaidi ya miaka 700 baada ya Euklides mwenyewe. Proklo alisema kwamba Euklides aliishi wakati wa mfalme Ptolemaio I, aliyekuwa jemadari wa Aleksander Mkuu kisha akaitawala Misri. Msomaji asimchanganye mfalme huyu na Klaudio Ptolemaio, mwanaastronomia aliyeishi mji huohuo katika karne ya 2 BK.

Aleksandria ulikuwa mji mpya wakati huo. Aleksander aliuanzisha mwaka 331 KK kwenye pwani ya Mediteranea, na wafalme wa ukoo wa Ptolemaio waliufanya kuwa kituo cha elimu chenye maktaba kubwa kuliko zote za dunia ya wakati ule. Inadhaniwa kwamba Euklides alijifunza kwanza Athens kwa wanafunzi wa Plato, kwa sababu kitabu chake kimejaa mambo yaliyogunduliwa na watu wa shule hiyo, lakini hakuna maandishi ya wakati wake yanayothibitisha.

Hadithi mbili husimuliwa juu yake. Ya kwanza inasema mfalme Ptolemaio alimwuliza kama hakuna njia fupi ya kujifunza jiometri kuliko kupitia Elementi, naye akamjibu kwamba katika jiometri wafalme hawana barabara yao. Hadithi hiyohiyo husimuliwa juu ya Aleksander Mkuu na mwalimu mwingine aliyeitwa Menaikhmo, hivyo haifai kuchukuliwa kama tukio la hakika. Ya pili inasema mwanafunzi mmoja, baada ya kujifunza hoja ya kwanza tu, aliuliza atapata faida gani; Euklides akamwagiza mtumwa ampe sarafu, kwa kuwa alitaka kulipwa kwa kila anachojifunza. Pappo wa Aleksandria, aliyeandika katika karne ya 4 BK, anamtaja kama mtu mpole aliyewaheshimu waliomtangulia, na picha hiyo ya mwalimu mpole haipatani sana na hadithi ya sarafu.

Katika Zama za Kati huko Ulaya alichanganywa na Euklides wa Megara, mwanafalsafa aliyekuwa mwanafunzi wa Sokrates na aliyeishi takriban miaka mia moja kabla yake. Kosa hilo lilisahihishwa na Mwitalia Federico Commandino katika tafsiri yake ya mwaka 1572. Waandishi wa Kiarabu nao walimpa baba aliyeitwa Naukrate na kusema kwamba asili yake ni Tiro. Habari hizo hazina uthibitisho. Sanamu na picha zake zote zimebuniwa na wasanii wa baadaye. Kwa hiyo mtu anayedai kujua rangi yake au sura yake, kwa upande wowote ule, anabahatisha. Lililo hakika ni kwamba kazi yake aliifanya Afrika, kwa lugha ya Kigiriki, katika nchi ambayo tayari ilikuwa na mapokeo ya kale ya kupima mashamba. Wamisri walikuwa wakikokotoa maeneo ya pembetatu na duara zaidi ya miaka 1200 kabla yake, kama inavyoonekana katika mafunjo yaliyonakiliwa na mwandishi Ahmose mnamo 1550 KK. Neno jiometri lenyewe kwa Kigiriki lina maana ya kupima ardhi.

Kitabu cha Elementi

Elementi ina sehemu 13 ambazo kwa desturi huitwa vitabu, na ndani yake kuna hoja 465 zilizothibitishwa. Si zote zilizogunduliwa na Euklides. Mambo mengi yalitoka kwa watu waliomtangulia, hasa Eudokso na Theaiteto. Ukubwa wake uko katika kupanga: kila hoja inategemea zile zilizokwisha kuthibitishwa kabla yake, na mnyororo mzima unashikiliwa na maelezo machache ya mwanzoni ambayo msomaji anaombwa kuyakubali.

Kitabu cha kwanza kinafungua kwa fasili 23, kisha kauli tano za msingi kuhusu maumbo, na nyingine tano za jumla, kwa mfano kwamba vitu viwili vinavyolingana na kitu kimoja vinalingana vyenyewe kwa vyenyewe. Kauli tatu za kwanza za maumbo zinaruhusu kazi za mikono: kuunganisha nukta mbili kwa mstari mnyoofu, kuurefusha mstari huo, na kuchora duara lenye kitovu na nusukipenyo chochote. Ya nne inasema pembe mraba zote zinalingana. Ya tano inahusu mistari sambamba na itaelezwa chini.

Kwa vifaa hivyo viwili tu, rula isiyo na alama za vipimo na bikari, Euklides anaanza kazi. Hoja ya kwanza kabisa inaonyesha jinsi ya kuchora pembetatu yenye pande zote sawa: chukua kipande cha mstari, chora duara mbili zenye nusukipenyo sawa na kipande hicho, kila moja ikiwa na kitovu kwenye ncha yake, kisha unganisha ncha hizo na mahali duara zinapokatana. Hoja ya 5 inathibitisha kwamba pembetatu yenye pande mbili sawa ina pembe mbili sawa kwenye kitako. Wanafunzi wa Ulaya waliita hoja hiyo daraja la punda, kwa kuwa wengi waliishia hapo.

Maneno ya msingi

Fasili za Euklides ni fupi, na ufupi huo huwasumbua wanaoanza. Mfano mzuri wa kuzielewa ni ramani ya eneo la Kariakoo na Mtaa wa Msimbazi jijini Dar es Salaam, ambalo mitaa yake ilipangwa kwa mistari iliyonyooka tangu mpango uliochorwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza.

Nukta, kwa Euklides, ni kitu kisicho na sehemu. Haina urefu wala upana. Ni mahali tu. Alama ya kalamu inayoonyesha soko kwenye ramani ina upana fulani, lakini mahali inapopaonyesha hapana. Mstari una urefu bila upana, na mwisho wake ni nukta. Mtaa wa Msimbazi wenyewe una upana wa kutosha magari na mikokoteni, lakini mtu anayeuliza urefu wake haulizi upana huo, na hicho ndicho anachokiita mstari. Uso una urefu na upana bila unene; uso ulionyooka kila upande huitwa bapa.

Pembe ni mwinamo kati ya mistari miwili inayokutana. Hapa mazungumzo ya kila siku yanaweza kumpoteza mwanafunzi, kwa sababu pembe ya chumba au ya meza ni mahali, wakati pembe ya jiometri ni kiasi cha kufunguka. Kuirefusha mistari inayoiunda hakuongezi pembe hata kidogo. Mstari mmoja ukisimama juu ya mwingine na kufanya pembe mbili zinazolingana pande zote mbili, kila moja ni pembe mraba. Ndogo kuliko hiyo ni pembe kali, na kubwa kuliko hiyo ni pembe butu. Euklides hakutumia nyuzi. Kwake pembe mraba ndiyo iliyokuwa kipimo. Desturi ya kugawa mzunguko kwa nyuzi 360 ina asili ya Babeli na iliingia katika hisabati ya Wagiriki baada yake.

Karibu na Soko la Kariakoo, Mtaa wa Mkunguni na Mtaa wa Tandamti inakwenda sambamba, na Mtaa wa Swahili unaikata yote miwili. Kila makutano yana pembe nne, na mtu akizipima atakuta kwamba zile za makutano ya kwanza zinalingana na zile za makutano ya pili. Mistari sambamba, kwa fasili ya Euklides, ni mistari minyoofu iliyo kwenye bapa moja ambayo haikutani kamwe hata ikirefushwa bila mwisho pande zote mbili. Haitoshi kusema kwamba haikutani pale inapoonekana. Mitaa mingi haikutani kwenye ramani, lakini ingekutana kama ingerefushwa.

Duara ni umbo lililozungushiwa mstari mmoja, na ndani yake mna nukta moja, yaani kitovu, iliyo mbali kwa kiasi kilekile kutoka kila mahali pa mstari huo. Fundi anayetaka kukata kifuniko cha pipa hufuata fasili hiyo bila kuisoma: hupigilia msumari, hufunga kamba, na huzungusha chaki kwenye ncha ya pili. Kamba ni nusukipenyo. Mstari unaopenya duara kupitia kitovu ni kipenyo, na urefu wa kuizunguka ni mzingo. Namba pai haimo katika Elementi; Euklides alithibitisha tu kwamba maeneo ya duara mbili yana uwiano uleule na miraba ya vipenyo vyao.

Pembetatu imepewa jina kwa Kiswahili kwa namna ileile kama kwa Kigiriki, kwa kuhesabu pembe. Katika hoja ya 32 ya kitabu cha kwanza Euklides anathibitisha kwamba jumla ya pembe zake ni sawa na pembe mraba mbili, yaani nyuzi 180. Njia rahisi ya kuliona jambo hili ni kuchora kupitia kilele mstari ulio sambamba na kitako. Pembe mbili za kitako hujirudia pale juu, moja kila upande wa pembe ya kilele, na zote tatu kwa pamoja hujaza mstari mnyoofu.

Kitabu cha kwanza kinamalizika kwa kanuni ya Pythagoras, ambayo ni hoja ya 47, na kinyume chake, ambacho ni ya 48. Mafundi wa ujenzi hutumia hii ya mwisho zaidi kuliko ile maarufu. Akitaka kujua kama msingi wa nyumba umekaa mraba, fundi hupima futi 3 upande mmoja wa kona na futi 4 upande wa pili, kisha huvuta kamba kati ya alama hizo. Ikisoma futi 5 kamili, pembe ni mraba, kwa kuwa 9 na 16 ni 25. Ikizidi, kona imefunguka mno, ikipungua, imefinyika. Kamba hiyo ya futi 5 ndiyo inayoitwa kiegama katika vitabu vya shule.

Kauli ya tano

Kauli nne za kwanza ni fupi na hakuna aliyezilalamikia sana. Ya tano ni ndefu. Inasema kwamba mstari ukikata mistari miwili, na pembe za ndani za upande mmoja zikawa na jumla pungufu ya pembe mraba mbili, mistari hiyo miwili ikirefushwa itakutana upande huohuo. Kwa kuwa inafanana zaidi na hoja inayohitaji kuthibitishwa, wataalamu wengi waliona aibu kuiacha miongoni mwa mambo ya kukubaliwa tu. Inaonekana Euklides mwenyewe hakuipenda, maana aliahirisha kuitumia mpaka hoja ya 29.

Majaribio ya kuithibitisha kwa kutumia zile nne yalidumu zaidi ya miaka 2000. Klaudio Ptolemaio alijaribu, na Proklo akaonyesha kosa lake. Walijaribu pia Ibn al-Haytham, Omar Khayyam na Nasir al-Din al-Tusi. Mwaka 1733 padri Mwitalia Giovanni Saccheri alichapisha kitabu akidai kwamba amemsafisha Euklides na kila doa. Kumbe, bila kutambua, alikuwa ameandika kurasa nyingi za jiometri mpya. Kila aliyejaribu alijikuta ameingiza kwa mlango wa nyuma jambo lilelile alilotaka kulithibitisha.

Jibu lilipatikana katika karne ya 19. Mrusi Nikolai Lobachevsky (1829) na Mhungaria János Bolyai (1832), kila mmoja peke yake, walijenga jiometri ambamo kauli ya tano haifuatwi, na hawakukuta mgongano wowote. Baadaye ilithibitishwa kwamba kauli ya tano haiwezi kutolewa katika zile nne. Euklides hakuwa amezembea alipoiweka pale. Bila kauli hiyo au nyingine inayolingana nayo, jiometri ya bapa haisimami.

Afrika Mashariki ina mfano wa wazi wa jiometri isiyo ya bapa. Mstari wa ikweta unapita Nanyuki nchini Kenya na Kayabwe nchini Uganda. Tuseme watu wawili wanaondoka katika miji hiyo, kila mmoja akielekea kaskazini moja kwa moja. Wote wawili wameanza kwa pembe mraba na ikweta, hivyo kwenye bapa njia zao zingekuwa sambamba na zisingekutana. Juu ya tufe la dunia njia zao zinakaribiana kidogo kidogo mpaka zinakutana kwenye ncha ya kaskazini. Pembetatu waliyoifanya ina pembe mraba mbili tayari, na juu yake kuna pembe ya takriban nyuzi 5 kule ncha. Jumla imezidi nyuzi 180. Ndani ya Kariakoo tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba hakuna kamba wala rula itakayoiona, na mpimaji anaweza kumfuata Euklides bila wasiwasi. Albert Einstein alitumia jiometri za aina hiyo, kama zilivyopanuliwa na Bernhard Riemann, katika nadharia yake ya mvutano ya mwaka 1915.

Namba na kazi nyingine

Kitabu cha 7 hadi cha 9 vinahusu namba. Humo mna njia ya kutafuta kigawo kikubwa cha shirika kwa kutoa tu: mwenye vitambaa viwili, kimoja cha sentimita 84 na kingine 60, akitaka kuvikata vyote kwa vipande vinavyolingana bila mabaki, atoe kidogo katika kikubwa, arudie na mabaki, na atafikia 12. Kompyuta za leo bado hutumia njia hiyo. Katika kitabu cha 9 anathibitisha kwamba namba tasa hazina mwisho. Ukizidisha namba tasa zozote ulizo nazo na kuongeza moja, hakuna hata moja kati yake itakayogawa jibu bila baki, hivyo lazima kuna namba tasa nyingine ambayo hukuwa nayo. Haina maana kwamba jibu lenyewe ni namba tasa kila mara, na hapa wanafunzi wengi hukosea: kuzidisha 2, 3, 5, 7, 11 na 13 na kuongeza moja kunatoa 30031, ambayo ni 59 mara 509.

Kitabu cha 13 kinafikia maumbo matano ya mango yenye nyuso zinazolingana, ambayo Plato aliyapenda. Kazi zake nyingine zilizobaki ni pamoja na Data, kitabu kuhusu uonaji na kingine kuhusu nyota. Kitabu chake juu ya kugawa maumbo kimehifadhiwa kwa sehemu kwa Kiarabu, ilhali kile kuhusu mikato ya koni kimepotea kabisa.

Safari ya kitabu

Hakuna nakala iliyoandikwa na mkono wa Euklides. Nakala nyingi za Kigiriki zinatokana na toleo lililohaririwa na Theoni wa Aleksandria katika karne ya 4 BK, baba yake Hypatia. Mwaka 1808 Mfaransa François Peyrard alitambua nakala ya Vatikani iliyotokana na matini ya zamani kuliko ya Theoni, na Mdenmarki Johan Ludvig Heiberg aliitumia kutayarisha toleo la Kigiriki linalofuatwa hadi leo.

Kitabu kilitafsiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad na al-Hajjaj ibn Yusuf ibn Matar, kisha na Ishaq ibn Hunayn, ambaye kazi yake ilisahihishwa na Thabit ibn Qurra. Adelard wa Bath alikitafsiri kutoka Kiarabu kwenda Kilatini mnamo 1120. Kilipigwa chapa mara ya kwanza Venice mwaka 1482. Matteo Ricci na Xu Guangqi walitoa vitabu sita vya kwanza kwa Kichina mwaka 1607.

Kiswahili kilipokea sehemu ya msamiati huo kupitia Kiarabu. Nukta, mstari, duara, mraba na mstatili vina asili ya Kiarabu. Neno mstari linatokana na jina la chombo cha kupigia mistari kwenye karatasi. Pembe, kipenyo na kitovu ni maneno ya Kibantu, na kitovu ni kile cha mwili. Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za Tanzania baada ya mwaka 1967, maneno haya yaliingia vitabuni pamoja na mapya kama kiegama. Shule za sekondari ziliendelea kufundisha hisabati kwa Kiingereza, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza hulazimika kujifunza upya majina ya vitu anavyovijua. Wengi hudhani wamekutana na somo jipya, ilhali pembetatu ni ileile na uthibitisho wake ni uleule wa hoja ya 32.